Kabla ya Kufunga Kamba za Viatu

Kwa muda mrefu nilikimbia bila kujiuliza nilichokuwa nikikitafuta, nikiamini kwamba jasho jingi lilikuwa dalili tosha ya maendeleo, hadi maumivu ya goti yaliponilazimisha kupumzika. Siku hizi sianzi kukimbia kabla ya kujua zoezi la siku hiyo limekusudiwa kujenga nini: kama ni mbio ndefu za kujenga ustahimilivu, ninakwenda polepole kiasi cha kuweza kuzungumza bila kuhema, hata wengine wakinipita, na kama ni mbio fupi za kasi, zenye vipindi vya kupumua katikati, ninazipa nguvu zangu zote. Naamini kosa kubwa letu wengi ni kukimbia kila siku kwa mwendo wa kati, ambao ni mkali mno kuuacha mwili upone na mwepesi mno kuuongezea kasi.

Mfano wa kukimbia kwa lengo unaonigusa zaidi ni wa Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2019 mjini Vienna alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kila kilomita ilipangiwa takriban dakika 2 na sekunde 50, huku wakimbiaji wa kumwongoza wakipokezana kwa mpangilio maalumu. (Matokeo hayo hayakutambuliwa kuwa rekodi rasmi, lakini hilo halipunguzi uzito wa maandalizi yake.)

Mpango wangu wa mazoezi ni wa wiki 16. Wiki mbili za mwisho ndizo ngumu zaidi kwangu, kwa sababu miguu inatamani kukimbia ilhali nimeiandikia mapumziko.