Hiace ya dagaa iliyogoma kupanda Mwanga

Hiace ile ilikuwa ya mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi na kuwapeleka Kasulu pamoja na madumu ya mawese. Ilikuwa ya petroli, injini ya 1RZ yenye kabureta. Ilipoletwa kwetu Mwanga, mtaa wa mlimani mjini Kigoma, msimu wa mvua wa mwaka 2008, ilikuwa imeshapita mikononi mwa mafundi wengine mjini humo. Plagi zote nne zilikuwa mpya, pampu ya mafuta mpya, kabureta imefunguliwa na kusafishwa. Bado injini ilikuwa inamisi, yaani inakosa moto na kutetemeka, na mtaji wa mama ulikuwa unaishia humo.

Mimi nilikuwa kijana wa gereji, najifunza kazi kwa mzee mmoja ambaye hakukubali kumnunulisha mteja kifaa kabla ya kuujua ugonjwa.

“Shikamoo mama,” nikamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Mzee, niambie ukweli tu, niiuze?”

“Mama, utauzaje gari kwa ugonjwa usioujua? Ngoja kwanza nizungumze na dereva wako.”

Akamhoji dereva muda mrefu kuliko nilivyotegemea, hata kabla ya kushika spana. Inamisi wapi? Dereva akasema ikiwa tupu, kwenda Ujiji na kurudi, unaweza usijue kama ni mbovu. Ukiipakia magunia na kuanza kupanda kutoka stesheni kuja Mwanga, inatetemeka, nguvu zinaisha, na petroli inanuka nyuma kwenye ekzosi. Asubuhi ni mbaya zaidi, jua likishachomoza inapata nafuu. “Na Jumatatu, mzee, Jumatatu ndiyo inatutesa kabisa.” Mzee alilishika hilo la Jumatatu, akanyamaza.

Kwenye Hiace za aina ile injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo tulinyanyua kiti na kufungua mfuniko wake. Injini ikiwa inaunguruma, mzee akaanza kuchomoa waya za plagi mmoja mmoja kwa praizi yenye mpira, akiurudisha mmoja kabla ya kugusa mwingine. Silinda ya kwanza: injini ikayumba na mlio ukashuka. Ya pili vilevile. Ya tatu alipoichomoa, hakuna kilichobadilika. Ya nne ikayumba. Silinda inayofanya kazi ukiinyima moto, injini lazima ilalamike, na ile isiyolalamika ndiyo iliyokufa. Ni kipimo kisichogharimu hata shilingi moja, na mpaka leo sijaona sababu ya fundi kukiruka.

Plagi ya silinda ya tatu ilitoka imelowa petroli. Ingekuwa na masizi makavu tungeilaumu kabureta kwa kumwaga mafuta mengi, na ingekuwa na oili tungezihofia ringi. Kulowa petroli safi maana yake mafuta yanafika ila hayachomwi. Mzee akaihamishia plagi hiyo silinda ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu. Kumisi kukabaki palepale kwenye ya tatu, kwa hiyo plagi haikuwa na hatia. Tukapima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, zote nne zikakaribiana. Moyo wa mama ukatulia kidogo niliposema injini yenyewe ni nzima.

Kilichobaki ni njia ya umeme. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha mpaka zaidi ya 20,000. Distribyuta ndiyo inayozigawa kwenye plagi za silinda kwa zamu, 1, 3, 4, 2. Umeme mkali kiasi hicho hutafuta njia rahisi ya kufika kwenye bodi ya injini. Gari likiwa tupu, silinda haijabanwa sana na cheche inaruka kirahisi kwenye plagi. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa na petroli vinabanwa zaidi, cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka, na kama kuna upenyo mwingine wowote inapitia huko. Ndiyo maana Ujiji ilikuwa nzima na Mwanga ilikuwa mgonjwa.

Mzee akasema tusubiri usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaani, giza zuri kabisa kwa kazi yetu. Tukawasha injini, nikapuliza maji kidogo kwa chupa ya dawa kwenye waya za plagi, halafu juu ya kifuniko cha distribyuta. Waya hazikuonyesha kitu. Kifuniko kikawaka: cheche za bluu zikatambaa ubavuni mwake kwa mlio wa ta-ta-ta, na injini ikaanza kutetemeka vilevile kama dereva alivyosimulia.

Kulipokucha tukakifungua. Ndani, kutoka mguu wa chuma unaopeleka umeme silinda ya tatu mpaka ukingoni, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli. Palikuwa na ufa, unyevu ukaingia, cheche zikapita hapo mpaka zikaacha kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukiukausha unanyamaza kidogo, ukilowa unarudi.

Tukafunga kifuniko kilichotoka kwenye Hiace mbovu iliyokuwa nyuma ya gereji, tukaijaza Hiace ya mama mzigo, dereva akashuka nayo stesheni na kuipandisha. Ilipanda bila kukohoa. Mama ndipo akaagiza kifuniko kipya, rota na seti ya waya kutoka Dar es Salaam.

Lakini mzee alikuwa bado na ile Jumatatu yake. Akauliza gari linaoshwa lini. Konda akajibu, Jumapili jioni, kuondoa harufu ya dagaa, wanamwaga ndoo za maji mpaka mbele. Tukautazama mpira wa mfuniko wa injini chini ya kiti: ulikuwa umeliwa upande mmoja, na maji yalidondokea palepale kwenye distribyuta. Bila kuubadilisha, kifuniko kipya kingekwenda njia ya kile cha zamani. Oili nayo tuliimwaga, maana kijiti cha kupimia kilinuka petroli. Petroli isiyochomwa ilikuwa inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili na kuifanya nyepesi, na hiyo huua injini nzima taratibu.

Mama alipokuja kulipa, mzee alimwita konda, akamshikisha kifuniko cha zamani na kumwonyesha ule mstari.

“Nyuma osha utakavyo, mwanangu. Hapa mbele, kitambaa tu.”

“Nimeelewa, mzee.”

Wakapakia, wakaondoka kwenda Kasulu.