Sukari imerudi jamani

Miaka minne iliyopita nilifanyiwa opresheni ya kupunguza tumbo la chakula, wanakata kama asilimia 80 wanaacha kitu kama ndizi, na kwakweli nilipungua kilo 38 na dawa za kisukari nikaacha kabisa, presha nayo ikatulia. Nikajua nimepona. Sasa wiki iliyopita nimepima sukari asubuhi kabla sijala chochote ikasoma 8.9, nikarudia kesho yake 9.2, nililia sana mana uzito wenyewe nimerudisha kilo 7 tu.

Daktari akanieleza vizuri, kisukari hua kinalala tu, na kongosho (kiungo kinachotengeneza insulini ya kushusha sukari) ikiwa imeshachoka kwa miaka mingi (mimi nilikaa nacho 11 kabla ya opresheni) kinaweza kuamka hata kama hujanenepa sana. Kuna utafiti wa Sweden uliotoka 2014, wenye kisukari waliopasuliwa, baada ya miaka 2 asilimia 72 hawakua nacho tena, baada ya miaka 15 wasio nacho wakabaki asilimia 30 hivi. Mbona hili sikuambiwa mwanzoni? Nisingeacha kupima mwaka mzima! Metfomini, dawa ya kisukari, nimeanza tena jana usiku.