Mwambao wa Ziwa Kivu Hauna Tambarare

Nilipoitazama ramani kwa mara ya kwanza, nilijidanganya. Ziwa Kivu, kutoka ncha yake ya kaskazini hadi ya kusini, lina urefu wa takriban kilomita 90, nami nimekwisha kuzoea kuendesha baiskeli umbali wa namna hiyo kwa siku moja na bado nikabakiwa na nguvu za kufua nguo jioni. Njia iitwayo Congo Nile Trail, ambayo hufuata mwambao wa mashariki wa ziwa hilo upande wa Rwanda, kuanzia Rubavu hadi Rusizi, ina kilomita 227. Tofauti ya namba hizo mbili ingetosha kunishtua, lakini mimi niliiona kuwa ni kona za kawaida za barabara za vijijini, nikafunga mizigo yangu kana kwamba nakwenda kupunga upepo ufukweni.

Kosa langu lilikuwa la kijiografia kabla ya kuwa la misuli. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, na hatimaye yakaingia katika Mto Naili. Volkano za Virunga zilipoibuka, lava yake ilijenga ukuta mbele ya maji hayo. Yakakosa pa kutokea, yakapanda taratibu na kujaa ndani ya mabonde ya vijito vya kando, hadi yalipopata mlango upande wa kusini. Ghuba unayoiona leo ni bonde lililozama, na rasi au kisiwa ni mgongo wa kilima ambao maji hayakuufikia. Njia inayofuata mwambao wa ziwa la aina hiyo haiwezi kuwa tambarare, kwa kuwa kila baada ya muda mfupi inabidi iupande mgongo, iteremke hadi kwenye kijito kinachoingia ghubani, ivuke, kisha ianze kupanda mgongo unaofuata. Siku ya pili niliamua kuhesabu vilima. Nilipofika cha 17, kabla ya saa sita mchana, niliacha, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa inanivunja moyo.

Iko barabara ya lami inayounganisha miji hiyohiyo ya mwambao, na yeyote mwenye haraka aitumie bila aibu yoyote. Mimi nilichagua njia ya vumbi, iliyo karibu zaidi na maji na isiyo na malori. Nilitumia siku 5, mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, ambapo udongo ni mkavu na magurudumu hayazami. Kiangazi nacho hudai malipo yake: utusitusi hutanda juu ya ziwa, hata milima ya Kongo iliyo ng'ambo hubaki kivuli cha buluu, na kuna asubuhi ambazo kisiwa kikubwa cha Idjwi hakikuonekana kabisa. Rubavu, nilikoanzia, nilikuwa nimetumaini kuiona volkano ya Nyiragongo ikitoa mwanga mwekundu usiku. Niliona giza tupu.

Jambo lililonitesa kuliko yote ni gia. Baiskeli yangu ina meno 42 mbele, na gia yake kubwa kabisa ya nyuma ina meno 28, maana yake ni kwamba hata katika gia nyepesi kuliko zote, gurudumu huzunguka mara moja na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Kwenye barabara za tambarare uwiano huo ni mzuri, lakini ukiwa na mizigo ya kilo 18 kwenye keria na mwinuko wa changarawe mbele yako, ni sawa na kupanda ngazi mbili mbili kutwa nzima. Anayejiandaa kwa safari ya milima atafute gia ambayo gurudumu litazunguka mara moja tu, au pungufu ya hapo, kwa kila mzunguko wa pedali. Ataonekana anatambaa, lakini atafika akiwa na magoti yake yote mawili.

Kwa kuwa sikuwa na gia hiyo, nilisukuma. Siku ya kwanza nilisukuma nikiangalia huku na huku nisionekane, kama mtu anayefanya jambo la fedheha, hadi nilipokutana na vijana waliobeba mikungu ya ndizi na madumu ya maji kwenye baiskeli nzito zisizo na gia hata moja. Wao walishuka chini kila palipoinuka, wakashika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono mwingine, wakapanda huku wakizungumza. Hakuna aliyeona kusukuma ni kushindwa. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia kando ya njia aliniinulia jembe lake na kusema, "Komera!", neno la Kinyarwanda la kumtia mtu moyo, ambalo nililisikia mara nyingi sana hadi Rusizi, na ambalo nakiri kwamba lilinisaidia kuliko vidonge vya glukosi nilivyobeba.

Kushuka nako kuna elimu yake. Nilipokuwa mgeni wa milima, nilikuwa nikibana breki kidogokidogo tangu juu hadi chini, nikidhani huo ndio uangalifu. Kumbe mbano usiokoma hupasha rimu joto na kuzila raba za breki, hasa vumbi linapoingia kati na kufanya kazi ya msasa. Afadhali kuiachia baiskeli iende pale unapoona mbali, kisha kubana kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, ukipokezana breki ya mbele na ya nyuma ili rimu zipate nafasi ya kupoa. Raba mpya nilizoanza nazo Rubavu zilikuwa zimebaki ukingo mwembamba tu nilipofika Karongi.

Karongi ni takriban katikati ya safari, na hapo nililala siku mbili. Kutoka mlimani niliona jukwaa likielea juu ya maji, mbali kidogo na nchi kavu, nikadhani ni la wavuvi, kumbe ni la kuvunia gesi. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na katika tabaka zake za chini imeyeyuka methani nyingi pamoja na kaboni dioksidi nyingi zaidi, zikiwa zimekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Mtambo wa KivuWatt huyavuta maji ya kilindini. Yanapopanda, mgandamizo hupungua, gesi ikatoka kama inavyotoka kwenye soda iliyofunguliwa, kisha methani ikatenganishwa na kuchomwa ili kuzalisha umeme wa takriban megawati 26. Wavuvi wenyewe nilikuja kuwaona jioni. Mitumbwi yao hufungwa mitatu mitatu, na miti mirefu hujitokeza mbele na nyuma kama pembe za mdudu. Huondoka na taa kwenda kuvua sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hupiga makasia kwa kuimba. Nyimbo hizo huvuka maji zikakufikia hata baada ya taa kugeuka kuwa nukta.

Kusini ya Karongi spoki ya gurudumu la nyuma ilikatika, upande wa gia, ambako spoki hukazwa zaidi na kwa hiyo huchoka mapema. Gurudumu lilianza kuyumba na kugusa breki. Nilitembea karibu saa nzima hadi senta ndogo alipokuwepo fundi mmoja mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu na kizuri kuliko nilivyotarajia. Hakuwa na spoki ya urefu wangu. Alichukua ndefu zaidi, akaikata ncha, akaifunga, kisha akaipindua baiskeli na kulinyoosha gurudumu kwa kulizungusha mbele ya kijiti alichokibana kwenye fremu, akikaza hapa na kulegeza pale kila kijiti kilipokwaruza rimu. Kazi hiyo nimeiona ikifanywa kwa mashine yenye vipimo na matokeo hayakuwa bora kuliko yale.

"Mwanangu," aliniambia akinirudishia baiskeli, "gurudumu halina ugonjwa. Mgonjwa ni huu mzigo."

Nilimjibu, "Nimekusikia, mzee," na jioni ile nilitoa kwenye mabegi sufuria, jiko la gesi, jozi ya pili ya viatu na kitabu kikubwa ambacho sikuwa nimekifungua, nikavituma kwa basi vinitangulie Rusizi.

Siku mbili za mwisho nilizimaliza nikiwa mwepesi, ingawa vilima havikupungua. Nilijifunza kuamka saa kumi na moja alfajiri, maana saa za Rwanda ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja, jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na giza la kule halimsubiri mtu aliye katikati ya mpando.

Rusizi nilikwenda moja kwa moja hadi pale mto unapotoka ziwani. Uso wa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika, ambako mto huo unamwaga maji yake, liko karibu mita 700 chini zaidi. Niliiegemeza baiskeli kwenye ukuta, nikasimama nikiyatazama maji yakianza safari ya kuteremka mita zote hizo bila kupanda hata kilima kimoja, nikayaonea wivu kwelikweli, kisha nikaenda kituo cha basi kuulizia sufuria yangu.