Bustani ya mtu asiyeinama

Tangu kiharusi kinipige upande wa kushoto, kushuka chini naweza. Kuinuka ndiyo kesi. Basi karibu kila kinachoota hapa kwangu Morogoro nakichuma nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mikono, au nimesimama na mkongojo.

Majirani wana huruma. "Mwalimu, si upumzike tu? Mboga zimejaa sokoni." Sokoni niende na miguu ya nani?

Mhimili wa bustani ni magunia. Unachukua kopo kubwa lililotolewa kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza mawe, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Kisha unalivuta kopo juu, unajaza tena, hadi gunia lijae. Maji ukimwagia katikati yanapita kwenye mawe mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu, unapachika miche ya sukuma wiki. Kazi ya kujaza waachie vijana, ila mahali uchague wewe, maana likishajaa halisogei.

Mchicha nimeachana nao. Unapanda, wiki tatu nne unang'oa, unaanza upya. Huo ni utumwa kwa mwenye mkono mmoja. Nataka mboga ya kupanda mara moja na kuchuma muda mrefu. Matembele ndiyo mfalme: kipande cha shina lake ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kinashika. Sukuma wiki unachuma majani ya chini, juu inaendelea. Mlonge nao mzuri, lakini ukatwe usawa wa kifua ili utoe matawi ya karibu. Ukiuachia, mboga utazichuma kwa ngazi, na mimi na ngazi tumeshapeana talaka.

Kunde napanda kando ya ua kwa kipande cha bomba la plastiki, kirefu kufika kiunoni, ncha imekatwa mshazari. Nikiwa kitini naliegemeza begani, nachomeka ncha ardhini, nadondosha punje juu, naisikia ikigonga ikishuka hadi chini. Nafukia kwa ncha ya mkongojo. Mipini ya kisu na kijembe nimeizungushia tyubu ya baiskeli. Mpini mnene haukuchoshi vidole.

Kumwagilia ndiko kulikokuwa kunanimaliza. Siku hizi juu ya udongo kuna matandazo ya nyasi kavu na pumba za mpunga, unyevu unakaa na magugu yanapungua. Kisha kuna chupa za maji za lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto, zimepinduliwa kwenye udongo. Mjukuu anazijaza kabla ya kwenda shule. Naye analipwa, msidhani.

Rafiki yangu wa kiti cha magurudumu gunia halimfai, linamlazimu kujipinda ubavu kutwa. Yeye fundi kamtengenezea meza yenye kingo, kama sanduku lenye miguu, chini wazi ili magoti yaingie. Fundi alitaka kuweka ubao wa kushikilia miguu ya mbele. Tukamkatalia, hapo ndipo kiti kinapopita. Alipopima alizisahau mbwembwe zake, akamwambia rafiki yangu aingie kwanza na kiti, akaweka alama ya penseli juu ya magoti. Kina cha udongo ni shubiri moja, na kitako kina matundu ya kutolea maji. Ameanza na spinachi na giligilani.