Duara limeniponza

Jamani, Jumamosi yangu yote imeishia kwenye plaiwudi.

Natengeneza spika zisizo na boksi: ubao mmoja, spika ya inchi 12, mgongo wazi.
Ubao wa kwanza niliukata duara la sentimita 60, tundu katikati. Urembo tu!
Nikaweka taarabu. Sauti ya mwimbaji safi, ila besi kama inapigwa nyumba ya tatu.

Kumbe sauti ya mgongoni huzunguka ukingo na kuifuta ya mbele. Wimbi la besi la Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3 na ushee, duara langu litalizuia wapi? Tena kwenye duara kingo zote ziko umbali mmoja, kasoro za sauti zinarundikana kwenye noti zile zile.

Leo nimekata mstatili, sentimita 80 kwa 110, tundu nikalisogeza pembeni.
Mama akachungulia: "Hiyo meza mbona ina tundu?"

Nimewasha tena. Kikombe cha chai kikatetemeka kwenye kisosi. Nikabaki nakitazama tu.

Sasa sebule imebaki nusu. Mlioziunda, mliishia upana gani? Au ubao uwe mwembamba, nikaupa mbawa za pembeni zilizokunjwa kwenda nyuma?