Siku moja maishani mwangu: relingi niliyoichomelea mwenyewe

Saa 11 alfajiri, Mbagala. Chai ya rangi na kiporo cha maharage. Sikulala vizuri. Jana jioni mama mmoja wa Mji Mwema, Kigamboni, alinipigia simu. Mwaka 2019 nilimtengenezea relingi ya kibaraza. "Fundi, njoo uitazame. Mjukuu kaegemea, ikacheza." Hakugomba. Bora angegomba.

Saa 2 asubuhi. Mimi na kijana wangu tumepita njia ya Kongowe na toyo ya kukodi. Shikamoo, marahaba, moja kwa moja barazani. Kwa juu relingi inapendeza, rangi nyeusi bado inang'aa. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi: juu inalia ng'ee, chini inaitika pu. Nikageuza bisibisi, nikasukuma ncha yake kwenye shina la nguzo, sentimita 2 juu ya sakafu. Ikazama kama kwenye papai. Yakatoka maji meusi yenye vigamba vya kutu.

Kosa ni langu. Nilitumia skwea paipu ya geji 16, chuma cha kama milimita moja na nusu, nikaizika ndani ya zege. Juu niliacha tundu dogo kwenye uchomeleaji, dogo hata jicho halikuliona. Mvua ikaingia tone kwa tone, ikakaa chini, haina pa kutokea. Ongeza upepo wa chumvi. Nje nilipaka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na mikono miwili ya rangi. Ndani hapakuwahi kuona brashi. Tangu siku hiyo nguzo ilikuwa ikiliwa kutokea tumboni.

Saa 4. Mama kaniletea picha kwenye simu: relingi ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, vyuma vimelala mlalo kama waya za gitaa. Nzuri kweli. Nikamwambia, "Mama, hii kwa mjukuu ni ngazi. Atapanda kabla hujamaliza kumenya kitunguu." Kibaraza kiko mita moja na nusu kutoka chini, na chini ni mawe. Tukakubaliana: vyuma visimame wima, kimo mita 1.1. Mfukoni nina kipande cha mbao cha sentimita 10 kamili; kikipita katikati ya vyuma viwili, nafasi ni kubwa, kichwa cha mtoto kinaweza kupita. Ile kazi yangu ya zamani kilipita bila kugusa. Nikakirudisha mfukoni kimyakimya.

Saa 6 mchana. Tumevuka Daraja la Nyerere hadi Gerezani. Nikauliza stenlesi ya 316, ile iliyochanganywa metali ya molibdeni, inayovumilia chumvi. Muuzaji anasema stenlesi ni stenlesi, kaka. Siyo. 304, ile ya kawaida, karibu na bahari huota madoa ya rangi ya chai, na zile za bei rahisi za 201 ni mbaya zaidi. Akatoa sumaku kunithibitishia. Sumaku haiwezi kuitenganisha 304 na 316. Bila karatasi ya kiwandani unanunua maneno. Nikaaga.

Nikachagua skwea paipu nyeusi ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Nilipima mwenyewe kwa venia, kile kipimo cha unene, kila bomba, ncha zote mbili, maana geji ya mdomoni na geji ya chuma mara nyingi hazifanani. Kijana alichoka kushika.

Saa 8. Buguruni, kwenye mbao. Mkono wa juu nautaka wa mti, kwa sababu chuma kwenye jua la saa hizi hakishikiki. Paini yenye dawa ni nafuu, lakini ukiikata katikati mara nyingi unakuta dawa imeishia kwenye ngozi. Mninga naupenda, mfuko wa mama hauupendi. Tukaangukia mtiki. Muuzaji kanipa ubao wenye utepe mweupe pembeni. Huo weupe ni nyama ya nje ya mti, wadudu wanaujua. Nikataka moyo mtupu, wa kahawia. Tulivutana nusu saa.

Saa 10 jioni. Karakana. Nikachora kwa chaki sakafuni. Safari hii hakuna kuzika nguzo: kila moja inakaa juu ya pleti ya milimita 10, bolti 4, na ukutani mwa nguzo, chini kabisa, tundu la kutolea maji. Tutachomelea kila kipande kwanza, ndipo tupeleke kuchovya kwenye zinki ya kuzuia kutu, nje na ndani. Kijana akauliza kwa nini nasisitiza matundu juu na chini. Nikamweleza kwamba zinki iliyoyeyuka ina nyuzi kama 450. Bomba lililozibwa likiwa na hewa au unyevu linaweza kulipuka ndani ya beseni. Baada ya hapo hakuna kuchomelea tena kule nyumbani, ni kufunga bolti tu, maana moto wa kuchomelea huiunguza zinki. Mtiki tutaufunga kwa skrubu za stenlesi, za chuma cha kawaida zitauchafua ubao kwa michirizi meusi.

Saa 1 usiku. Nikampigia mama, nikamtajia bei ya vifaa.

"Na ufundi?"

"Ufundi silipishi, mama. Ile ya kwanza nilikosea."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama na hii nitaipaka nyeusi.