Siku moja ya mwalimu wa Scrabble, Kisumu

Saa kumi na mbili asubuhi

Natoka Manyatta kwa miguu, mkoba begani, daftari la maneno ndani yake. Wauza mandazi wameshawasha majiko na tuktuk zinaita abiria wa Kondele. Nafundisha Kiingereza gredi ya saba hadi ya tisa, na alasiri nasimamia chama cha Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi kwenye ubao wenye miraba ili kuunda maneno na kupata pointi. Wazazi wengine hukiona chama hicho kama njia ya kupisha muda kabla ya watoto kurudi nyumbani. Mimi nakihesabu kuwa kipindi changu muhimu kuliko vyote.

Saa mbili hadi saa nne

Vipindi vya kawaida: ufahamu, kisha insha. Darasa limejaa, chaki ni fupi. Tunasonga.

Saa nne na nusu

Mapumziko. Wenzangu wanakunywa chai ofisini, nami nimekaa chini ya mwembe na wasichana wawili tukihesabu vizibo vya soda. Seti ya dukani ni ghali, kwa hiyo tunatengeneza zetu: kizibo kimoja, karatasi nyeupe imegandishwa ndani, herufi imeandikwa kwa wino mzito, na pointi zake pembeni. Seti kamili ina vipande 100. E ni 12, A ni 9, I ni 9. Q iko moja tu na ina pointi 10, sawa na Z. Viwili ni vitupu, na mchezaji huvipa herufi anayoitaka.

Nawaambia wasichana hawa kwamba mgawo huo ulitokana na kuhesabu. Miaka ya 1930, Alfred Butts, mbunifu wa Scrabble, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi wakati uchumi ulipoporomoka, alipekua kurasa za magazeti akihesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. S alizipunguza hadi 4, maana zingekuwa nyingi kila mtu angemaliza mchezo kwa kuongeza wingi mwishoni mwa maneno. Mmoja wao anauliza ya Kiswahili ingekuwaje. Swali zuri. A zingejaa mfuko mzima, na Q na X tusingekuwa na kazi nazo.

Saa saba mchana

Githeri, na mjadala. Mwalimu wa Hisabati, mzee ninayemheshimu sana, ananiuliza: "Mwalimu, mtoto anakariri neno asilojua maana yake. Litamfaa nini kwenye mtihani?"

Namjibu kwa habari ya Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa ilhali Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alijifunza maneno kama mkusanyiko wa herufi, basi. Mzee anatikisa kichwa: huyo ni mmoja duniani. Kweli. Lakini jambo ninalolipigania ni hili: watoto wetu wengi wanaamini Kiingereza kina wenyewe, nao ni watoto wa shule za kulipia, wenye vitabu nyumbani na wazazi wanaokizungumza mezani. Kwenye ubao wa Scrabble lafudhi haisikiki. Aliyezipanga herufi vizuri ndiye anayeshinda. Mtoto akishaonja ushindi huo, maana ataitafuta mwenyewe, tena kwa bidii. Hatukukubaliana, ila aliniongezea chai.

Saa tisa na nusu alasiri

Hapa ndipo siku yangu inapoanza hasa. Naandika herufi sita ubaoni kwa mpangilio wa alfabeti: A E I N R T. Ukizichanganya unapata RETINA. Kisha nauliza: nikiwaongezea herufi moja, mtanipa neno gani la herufi saba?

"D!" TRAINED. "C!" CERTAIN. "P!" Hapo kelele: PAINTER, REPAINT, PERTAIN. G inaleta GRANITE na TEARING. M inaleta MINARET, na mvulana anayeishi karibu na msikiti anaeleza ni kitu gani kabla sijafungua mdomo. L inaleta RELIANT na LATRINE, na darasa zima linaangua kicheko. S ndiyo tajiri kupita zote: RETAINS, RETINAS, NASTIER, STAINER, STEARIN, na bado.

Naipenda njia hii kwa sababu mtoto habebi orodha ndefu kichwani. Anabeba shina moja, na matawi anayaona mwenyewe. Nayo ina faida kubwa, maana anayetumia vipande vyake vyote saba kwa mpigo mmoja hupata bonasi ya pointi 50.

Kisha tunacheza. Msichana mmoja wa gredi ya nane, mkimya sana darasani, anafungua mchezo. Anatazama kibao kinachoshika vipande vyake saba kwa muda mrefu, midomo ikihesabu bila sauti. Anaweka KERATIN.

Mpinzani wake anapinga. Kamusi inafunguliwa: neno lipo. Ni protini ya nywele na kucha, anasema yule msichana, wameisoma kwenye Sayansi. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni mahali alipoliweka. Angeweza kulianzisha popote, mradi lipite kwenye nyota ya katikati. Alirudi kushoto hadi K ikakaa juu ya mraba wa buluu hafifu unaozidisha herufi mara mbili. K ya 5 ikawa 10, herufi nyingine sita zikaongeza 6, nyota ikazidisha jumla mara mbili kuwa 32, na bonasi ikafikisha 82. Kwa mpigo wa kwanza! Nilimwita mwalimu wa Hisabati aje aone.

Ukutani tumeandika jina la Wellington Jighere, Mnigeria aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Msichana huyo aliniuliza mashindano yale yamewahi kuja Kenya. Nikamwambia mwaka 2017 wachezaji wa dunia walikutana Nairobi kuwania ubingwa.

Saa kumi na moja na nusu

Vizibo vinahesabiwa, mfuko unafungwa, watoto wanarudi nyumbani.

Saa mbili usiku

Baada ya chakula naandaa shina la kesho, A E I N S T. Nikiongeza V napata NATIVES, NAIVEST na VAINEST. V inawatisha watoto, kwani haina neno hata moja la herufi mbili na huganda kibaoni hadi mwisho wa mchezo. Kesho nitaanza nayo.